Kona Nne za Shuka

Duka la saba lilikuwa la viatu, na mwenye duka alimpa Karani ufagio kabla hajampa jibu.

"Hebu fagia hapo mlangoni kwanza, nione mkono wako," alisema, akarudi kwenye simu yake.

Karani akafagia. Akafagia mlangoni, akafagia chini ya rafu, akasogeza maboksi na kufagia nyuma yake, maana mtu anayetaka kazi kweli hafagii nusu. Sare ya shule ilikuwa ndani ya mkoba, imefungwa kwenye gazeti. Duka la kwanza na la pili alikwenda nayo mwilini, na kote alitazamwa kama mtu anayepitisha mchango wa safari ya darasa. Alipomaliza alirudisha ufagio mahali pake, akasimama wima.

"Unafagia vizuri," mwenye duka alisema. "Umewahi kuuza?"

"Sijawahi, lakini najifunza haraka. Nataka saa chache tu, jioni baada ya masomo na Jumamosi."

"Shule unamaliza lini?"

"Mwishoni mwa mwaka."

"Basi ukimaliza uje tuongee." Aliichukua bahasha ya barua ya maombi, akaiweka juu ya rundo la risiti bila kuifungua. "Asante kwa kufagia."

Hiyo asante ndiyo iliyomchoma. Angetukanwa angepata la kusimulia nyumbani. Kushukuriwa kwa kazi ya bure kulimfanya ajione mjinga njia nzima.

Jina la Karani alipewa na baba yake kwa sababu ya mwandiko. Majirani wakitaka barua walikuja kwake, na barua zote saba za kuomba kazi aliziandika kwa kalamu ya wino, kila moja na mstari wake wa pambizo. Baba alikuwa fundi mwashi. Miezi mitano iliyopita alianguka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa ya pili, na tangu siku hiyo alikuwa fundi wa kukaa kwenye kiti, jina alilojipa mwenyewe ili wengine wasimtangulie. Alimwona binti yake akiingia, akauweka kando mto wa mgongoni.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nifagie."

Baba alianza kucheka, halafu akamwona uso, akaacha.

Ada ya mtihani wa mwisho ilikuwa elfu tisini, na siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa imebaki wiki sita. Asiyelipa hasajiliwi, na asiyesajiliwa amekaa miaka minne darasani akipasha benchi joto. Mwalimu mkuu alikuwa ameyasema hayo mbele ya shule nzima, kisha akasoma majina ya ambao hawajalipa, taratibu, kama anayesoma majina ya washindi.

Mama alirudi jioni, mikono imekunjamana na kunuka sabuni. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali, chumba cha kukunjia, meza namba kumi na nne, na huo ulikuwa mwaka wake wa tisa. Alisikiliza habari ya ufagio akiwa amesimama, kanga bado iko begani, akanywa maji.

"Nitaongea na msimamizi," alisema.

"Umpeleke mtoto kwenye joto lile?" Baba aliuliza.

"Mimi niko kwenye joto lile."

Baba aliurudisha mto mgongoni. Tangu aanguke, mazungumzo mengi ya nyumba hiyo yalikuwa yakiishia kwenye mto.

*

Wiki nzima Mama alimfundisha. Nyumbani walikuwa na shuka moja la hoteli lililotobolewa na pasi, ambalo kiwanda kiliuza kwa bei ya kutupa, na Mama alilitia kiraka. Lilikuwa la aina ile yenye mpira kwenye kona zote nne, ambayo ndiyo kilio cha kila mkunjaji, maana haina ukingo ulionyooka wa kushika. Walisogeza vitabu vya Karani kutoka kitandani, wakasimama mmoja huku mmoja kule.

"Usiangalie shuka. Niangalie mimi," Mama alisema. "Kidole gumba ndani ya kona. Vuta. Moja. Mbili. Geuza. Sasa njoo kwangu."

Karani alikwenda kwake, wakakutanisha kona, mikono ikagusana. Kiwandani walifanya hivyo siku nzima, wawili wawili, kila mmoja na pacha wake. Pacha wa Mama alikuwa mwanamke aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa. Siku mbili za kwanza Karani aliangusha shuka kila mara ya tatu. Siku ya nne walikuwa wanakwenda kama wanacheza ngoma, na Baba kwenye kiti chake alikuwa akiwahesabia.

Siku ya tano Karani akauliza jambo lililokuwa likimsumbua. "Mama, mbona shuka hili huwa unalikunja peke yako? Nimekuona asubuhi. Tena unalikunja upesi kuliko tunavyokunja wawili."

Mama alisita. Alikuwa na siri chache maishani, na hii alikuwa anaionea fahari; na mtu mwenye fahari akiulizwa na mwanawe atajizuia mpaka lini. Akaingiza mikono miwili ndani ya kona mbili kama anavaa glavu. Akaileta kona ya kulia juu ya ile ya kushoto na kuigeuza, ikaimeza. Mkono uliobaki huru ukateremka kwenye ukingo, ukaitafuta kona ya tatu bila kutazama, ikamezwa nayo. Ya nne vivyo hivyo. Kisha akalitikisa mara moja, na shuka lile lililokuwa na ubishi likawa pembe nne kamili.

"Nani alikufundisha?"

"Nimejifundisha. Mwaka wa tatu, ulipokuwa unaumwa surua na mimi siwezi kulala." Alimpa shuka. "Jaribu."

Karani alijaribu mpaka giza likaingia. Alikuwa na mikono ya mama yake, mirefu, yenye vidole vinavyoona. Kabla hawajawasha taa alikuwa ameipata.

"Hii ni ya nyumbani," Mama alisema, akirudisha vitabu kitandani. "Kule tunakunja wawili wawili."

"Kwa nini, kama hii ni ya haraka?"

"Kwa sababu tuko wawili wawili."

Karani aliliona jibu hilo halina maana, kama la mtu ambaye hakuelewa swali la mtihani. Hakuuliza tena.

*

Msimamizi aliitwa Bwana Dakika, nyuma ya mgongo wake tu, kwa vile alivyoisoma saa yake kabla ya kujibu hata salamu. Alikuwa mtu wa kutabasamu. Wafanyakazi walimpenda zaidi akiwa amenuna, kwa sababu akinuna walijua ana njaa, lakini akitabasamu hawakujua ana nini.

Jumamosi hiyo Mama alivaa aproni safi. Alimpeleka Karani mpaka mlango wa ofisi, akasimama hapo hapo mlangoni, kwani miaka tisa hakuwahi kuambiwa aingie.

"Shikamoo," Karani alisema.

"Marahaba." Bwana Dakika alitazama saa. "Anajua kazi?"

"Nimemfundisha mwenyewe," Mama alisema. "Hatakuangusha, bosi."

"Mwanafunzi simlipi kama mtu mzima. Elfu tatu kwa jioni. Saa tatu za kazi."

"Sawa," Mama alisema upesi, kabla binti yake hajafungua mdomo.

Chumba cha kukunjia kilikuwa kirefu, kimejaa mvuke, meza ishirini kwa safu mbili. Bwana Dakika alimpitisha Karani mbele ya wanawake wote, akampitisha mbele ya meza namba kumi na nne ambako Redio alishaanza kufungua mdomo, akamfikisha meza ya mwisho ambayo haikuwa na mtu. Toroli likaletwa. Mashuka ishirini, yote ya mpira.

"Dakika kumi," alisema.

"Nani atanishikia?"

"Sina wa kukupa. Jitahidi."

Karani alijitahidi. Shuka la kwanza aliliegemeza kwenye meza, likateleza. La pili alilibana kwa kidevu, likagusa sakafu, na shuka lililogusa sakafu linarudi kufuliwa. Bwana Dakika alishageuza uso, anaangalia kitu kingine ukutani, vile vile alivyofanya mwenye duka la viatu aliporudi kwenye simu yake. Karani aliziona elfu tisini zikiondoka. Akainua macho, akamtafuta mama yake ng'ambo ya mvuke.

Mama alikuwa anamtazama. Akatikisa kichwa, kidogo mno, mara moja tu.

Karani aliuona mtikiso ule. Baadaye alijaribu kujiambia kwamba hakuuona, kwamba mvuke ulikuwa mzito, lakini aliuona na aliuelewa. Akaingiza mikono ndani ya kona mbili kama anavaa glavu.

Shuka la tatu, la nne, la tano. Kwenye la nane Bwana Dakika aligeuka. Kwenye la kumi na mbili alikuwa amesimama pembeni ya meza, na kwenye la mwisho alikuwa anatabasamu.

"Hebu rudia," alisema, akitoa simu mfukoni. "Taratibu. Nataka kuuona mkono wa kulia."

Karani akarudia mbele ya simu. Alipomaliza alisikia kitu ambacho hakikuwahi kusikika katika chumba kile, Redio akiwa kimya.

Wakati wa kurudi nyumbani Mama alitembea hatua moja mbele. Karani alisubiri kugombezwa, akatamani kugombezwa. Walipofika kwenye kona ya mtaa wao Mama alisimama kumsubiri.

"Umepata kazi," alisema. "Hongera, mwanangu."

*

Kazi yenyewe haikuwa mbaya, na hilo ndilo Karani aliloona haya kulikiri. Alitoka shule saa tisa, akavua sare kwenye choo cha kiwanda, na saa kumi kamili alikuwa mezani. Kila Jumamosi alipokea bahasha. Aliihesabu mara mbili, akampa Mama aihifadhi ndani ya kopo la unga lililokuwa na kila kitu isipokuwa unga. Baba alianza kumwita "Bosi Karani," na usiku wa kwanza waliponunua nyama robo kilo, alimwekea kipande kikubwa yeye, kile ambacho zamani kilikuwa cha fundi.

Wiki ya pili Bwana Dakika alimwita. "Huna wenzako wanaotafuta kazi?"

Ana wenzake? Nusu ya darasa ilikuwa inazunguka madukani na bahasha. Karani alikwenda shule siku ya pili kama mtu aliyeteuliwa kuwa waziri. Aliyeketi naye dawati moja, msichana waliyemwita Twiga kwa urefu wake, alimkumbatia mbele ya watu. Walikuja wanne. Wiki iliyofuata wakaja watano wengine. Karani ndiye aliyewafundisha, kwa kuwa video ya simu haikuonyesha vizuri kona ya tatu, na kwa kuwafundisha aliongezewa elfu moja kwa siku.

"Mikono kama unavaa glavu," aliwaambia. "Usiangalie shuka."

Jumatatu ya wiki ya tatu meza zilitenganishwa. Kila mtu na meza yake, toroli lake, hesabu yake ubaoni kila saa. Wanawake waliokunja wawili wawili miaka na miaka waliambiwa wamtazame Karani na wafanye vile. Wengine waliweza. Redio hakuweza, bega lake la kushoto halikupanda juu ya kifua, na hesabu yake ubaoni ilikuwa nusu ya hesabu ya Twiga, ambaye alikuwa na siku kumi tu kazini. Ijumaa majina sita yalisomwa. La Redio lilikuwa la pili.

Karani alikutana naye getini akitoka, amebeba sahani yake na kikombe ndani ya mfuko wa plastiki. Alitaka kupita. Redio akamshika mkono, bila ukali.

"Mama yako hajakwambia, maana yeye si msemaji. Mimi ndiye msemaji," alisema. "Hii kona yenu naijua siku nyingi. Nilimkuta anafanya siku moja nilipochelewa. Aliponiona akaacha. Miaka sita, mama, amenishikia kona akijua hanihitaji. Ulilijua hilo?"

"Sikujua, Shangazi."

"Haya. Sasa umelijua." Alimwachia mkono. "Somo lisikupite tu. Umeniumiza, lakini soma."

Jioni hiyo wanafunzi watatu wapya walikuwa wanamsubiri mezani. Karani aliwatazama. Angeweza kusema anaumwa. Angeweza kuwafundisha vibaya, kona ya tatu kwa mkono usiofaa, na hakuna ambaye angegundua kwa wiki nzima. Ilibaki elfu ishirini na saba kutimia ada. Alivuta pumzi, akachukua shuka.

"Mikono kama unavaa glavu," alisema.

Hakumwambia mama yake alichoambiwa getini. Mama naye hakuuliza kwa nini siku hizi binti yake anakula akiinamia sahani. Waliishi hivyo wiki mbili, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa kunyamaza, na nyumba ikawa nzito kwa huruma hiyo.

*

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Bwana Dakika aliwaita wote wawili. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alisema, "Ingia, Mama. Ingia, ukae."

Mama alipoambiwa akae, alijua. Karani aliona jinsi alivyokaa ukingoni mwa kiti, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

"Hatukufukuzi," Bwana Dakika alisema akitabasamu. "Tafadhali hilo lieleweke. Tumebadilisha ratiba. Zamu ya siku nzima haipo tena. Zimebaki zamu fupi."

"Naweza zamu fupi," Mama alisema.

"Zamu fupi ni za wanafunzi. Malipo yake ni ya mwanafunzi. Nikikulipa wewe elfu tatu, mtu wa miaka tisa, si nitakuwa nimekudharau?"

"Nidharau, bosi."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza kilo ya sukari. Karani aliangalia sakafu. Hakuna kitu alichowahi kusikia, hata majina yaliyosomwa mbele ya shule nzima, kilichomwaibisha kama maneno yale mawili.

Bwana Dakika alitazama saa. "Mama, siku moja wanakuja wakaguzi, siku nyingine wenye hoteli. Wanapenda kuona vijana. Na mahesabu ni mahesabu. Siku yako moja inanilipia wanafunzi watatu, na kila mmoja wao anakunja kama wewe." Akamgeukia Karani. "Sifa zako hizo. Unajua kufundisha."

"Na mimi naacha," Karani alisema. Sauti ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka.

"Haachi," Mama alisema.

"Mama, naacha."

"Nyamaza." Mama hakumtazama. "Bosi, huyu mtoto. Nafasi yake ipo?"

"Huyu tunamhitaji sana."

"Basi haachi."

Mambo yaliyobaki yalichukua dakika nne. Mama alitia sahihi mahali alipoonyeshwa. Akapewa bahasha. Akaambiwa aproni ni mali ya kiwanda, akaivua palepale, akaikunja kwa kufuata mistari, namba kumi na nne ikabaki juu. Bwana Dakika aliipokea na, kwa kuwa aproni zilikuwa pungufu na binti alikuwa hana, akampa Karani.

"Zamu yako inaanza saa nne," alimkumbusha. "Bado dakika mbili."

Aproni ilikuwa bado na joto. Karani aliivaa, maana asingeivaa angeishika tu mkononi, na hakujua lipi baya zaidi. Kutoka meza namba kumi na nne, ambayo sasa ilikuwa yake, aliona kupitia kioo cha dirisha mama yake akivuka ua. Hakuwa anatembea upesi wala taratibu. Kufika getini alisimama, akageuka nusu kama mtu aliyesahau kitu ndani, halafu akakumbuka kwamba hakusahau.

"Leo unalia au ni mvuke?" Twiga aliuliza kutoka meza ya jirani.

"Mvuke," Karani alisema.

*

Jumatatu walilipa ada. Mama alikwenda naye, amevaa gauni la harusi za watu. Mhasibu wa shule alihesabu noti moja moja, akairudisha moja iliyochanika akitaka nyingine, Mama akaitoa kwenye bahasha ya kiwanda. Walipewa risiti. Ilikuwa karatasi ndogo ya kijani yenye mhuri uliopigwa upande. Baba aliisoma mara nyingi kuliko ilivyokuwa na maneno, kisha akaiweka chini ya redio ambayo siku hizi haikuwa na betri.

"Sasa ni kusoma tu," Baba alisema, na wote watatu wakakubali kwa vichwa, wakijua si kweli.

Bahasha ya mwisho ya Mama ililipa kodi ya mwezi. Kilichobaki kilikuwa elfu tatu za kila jioni. Mama alizunguka kutafuta kazi. Alikwenda kwenye hoteli mbili, akaambiwa mashuka yanapelekwa kiwandani. Alikwenda kwenye nyumba za watu kuomba kufua, akakuta Redio ameshatangulia, na alipoona hivyo aligeuka njiani akarudi, kwani hakutaka kumnyang'anya mara ya pili. Hilo la mara ya pili alilisema mwenyewe, siku moja, akiosha vyombo, na Karani akafahamu kwamba mama yake alikuwa anajihesabia kosa ambalo halikuwa lake.

"Kosa ni langu, Mama. Ulinitikisia kichwa. Nilikuona."

Mama aliendelea kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

"Najua uliniona," alisema baadaye. "Ningekuwa mimi, na miaka yako, na ada ile, ningefanya vilevile. Ndicho kinachoniudhi. Sina wa kumgombeza."

Mtihani ulikuwa wa wiki tatu. Karani alipokwenda kuomba ruhusa, Bwana Dakika alitazama saa na kutabasamu. Alisema wanafunzi wote wa kidato cha nne wameomba, na haiwezekani kiwanda kifungwe kwa sababu ya hesabu na jiografia. Wapya wa kidato cha pili na cha tatu wameshajaa getini. Atawashikia nafasi watatu tu, wale wenye kasi kuliko wote, na atawapima Jumamosi. Wengine wafanye mtihani kwa amani na wasirudi.

"Sekunde ngapi?" Mama aliuliza Karani alipoleta habari hiyo.

"Twiga jana ametumia ishirini na mbili."

"Na wewe?"

"Ishirini na tano."

Mama alikausha mikono. Jua lilikuwa bado halijazama, na kitandani vilikuwa vimetandazwa vitabu vya hesabu, vimefunguliwa kwenye ukurasa ambao Karani alikuwa anausoma tangu mchana. Mama alivikusanya kimoja kimoja bila kufunga kurasa, akaviweka sakafuni ukutani. Akatoa shuka la kiraka.

"Mpe baba yako simu," alisema.

Baba aliipokea. Aliitafuta saa ya kuhesabu sekunde, akaisogeza mbali na macho, akasubiri. Mgongo ulikuwa umenyooka. Kwa muda mrefu hakuwa amepewa kazi.

Karani alisimama mahali pale pale alipofundishiwa. Mama naye, kwa mazoea ya miaka tisa, alikwenda upande wa pili wa kitanda, akainua mikono yote miwili tayari kupokea kona zake.

"Anza," Baba alisema.

Karani akaingiza mikono kama anavaa glavu. Kona ya pili ikameza ya kwanza, ya tatu ikafuata, shuka lote likakusanyika kifuani kwake, na upande wa pili wa kitanda hakukubaki cha kushika. Mikono ya Mama ilibaki juu kidogo, kisha ikashuka.

"Ishirini na nne," Baba alisema.

Karani aliangalia uso wa mama yake. Alitaka kuliacha shuka, alitaka kuzunguka kitanda na kumwangukia miguuni, na alijua kwamba hata hilo lingechukua muda wasiokuwa nao.

"Umechelewa kwenye ya tatu," Mama alisema. "Tena."